Figo za Mtoto Mwenye VVU: Mkojo Husema Kabla ya Maumivu

(Somo la elimu ya watu wazima lililosomwa katika redio na Afisa Elimu, Tabora. Limechapwa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza. Kiongozi wa kikundi alisome polepole, naye asimame kila mwisho wa sehemu ili watu waulizane.)

   Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu ameketi mahali anapoweza kusikia vizuri, na mzee asikae nyuma.

Somo letu la leo lahusu figo za mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Huenda mmoja wenu atasema, "Habari za UKIMWI tumekwisha kuzisikia tangu zamani. Kuna nini kipya?" Swali hilo ni zuri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ile mtoto aliyezaliwa na virusi hakuishi muda wa kutosha hata watu wakauliza habari za figo zake. Pasipo dawa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Lakini tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Watoto waliokuwa wakifa, sasa wanakua. Wanakwenda shule, wanacheza mpira, wanachunga mbuzi, na baadhi yao wamekwisha kuwa wazazi. Basi, maadamu mtoto ataishi miaka mingi, na viungo vyake navyo yapasa vitunzwe kwa miaka mingi. Figo ni miongoni mwa viungo hivyo.

Neno kuu la leo ni hili, nami nitalirudia: ugonjwa wa figo kwa mtoto mwenye VVU mara nyingi huanza bila maumivu, lakini mkojo wake huonyesha mapema. Anayepima mkojo mapema aweza kuziokoa figo. Anayengoja uvimbe huwa amechelewa.

KWANZA: FIGO NI NINI, NA KAZI YAKE NI IPI?

Kila mtu ana figo mbili. Zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, moja kulia na moja kushoto wa uti wa mgongo. Aliyepata kumchinja mbuzi anazijua: umbo lake ni kama punje kubwa ya maharagwe.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Damu hupita katika vichujio hivyo mchana na usiku. Kwa mtu mzima, maji yanayochujwa kwa siku moja ni kama lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20. Hatukojoi madebe 9, kwa sababu figo huyarudisha karibu maji yote mwilini kwa njia ya mirija midogo, pamoja na sukari na chumvi zinazotakiwa. Kinachobaki, kama lita moja au mbili, ndicho mkojo, nao umebeba taka za mwili.

Kwa sisi watu wa Tabora, mfano wake hauko mbali. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miezi miwili mitatu, mara pembe, mara nguo na shanga. Katika nchi za watemi njiani msafara ulisimamishwa, ukalipa hongo, kisha ukaruhusiwa kupita. Figo nayo ni kizuizi cha namna hiyo. Hukagua kila kitu kilichomo katika damu. Taka huiambia, "Toka." Kitu cha thamani hukiambia, "Rudi ndani." Kati ya vitu vya thamani mojawapo ni protini, ile inayojenga mwili, ambayo twaipata katika maharage, karanga, maziwa, samaki na nyama. Kichujio kizima hakiruhusu protini ipite. Tukiiona protini nyingi katika mkojo, siku hata siku, twajua kizuizi kimevunjika na mali inatoroka.

Figo zina kazi nyingine pia. Husaidia kupanga shinikizo la damu, husaidia mwili kutengeneza damu mpya, na huiwezesha mifupa kuwa migumu. Ndiyo sababu mtoto mwenye figo mbovu aweza kupungukiwa damu, akawa mfupi kuliko wenzake, au akaumwa na mifupa, watu wakatafuta sababu mahali pengine pote isipokuwa kwenye figo.

PILI: VVU HUDHURU FIGO KWA NJIA GANI?

Ziko njia nne, nazo yafaa tusizichanganye.

Njia ya kwanza ni virusi vyenyewe. VVU haishambulii askari wa mwili katika damu tu. Huingia hata katika chembe zinazojenga vichujio vya figo, na vichujio hivyo husinyaa na kuwa kovu. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari mwaka 1984 katika miji ya New York na Miami, Marekani. Pasipo dawa za kufubaza virusi, figo zaweza kufa kwa muda wa miezi michache tu. Kwa mtoto anayemeza dawa zake sawasawa, ugonjwa huu hupungua sana, na mara nyingine figo zilizoanza kuharibika hupata nafuu.

Njia ya pili ni magonjwa mengine yanayompata mtoto mwenye kinga dhaifu. Kuhara sana hukausha maji ya mwili, na figo zikikosa maji husimama kazi. Malaria kali hufanya hivyo hivyo. Kifua kikuu chaweza kuingia katika figo. Kuna na kichocho, ugonjwa wa madimbwi na mabwawa, unaoleta damu katika mkojo. Mtoto wa Igunga au Nzega anayekojoa damu apimwe kichocho, hata kama ana VVU. Kuwa na VVU hakuzuii maradhi ya kawaida kumpata.

Njia ya tatu ni baadhi ya dawa. Iko dawa ya VVU ambayo kwenye kopo huandikwa Tenofovir. Ni dawa nzuri, imeokoa maisha ya watu wengi, na wengi huimeza miaka mingi bila taabu. Lakini kwa watu wachache huidhuru ile mirija inayorudisha chumvi mwilini. Mtoto akipoteza chumvi za mifupa katika mkojo, mifupa yake hulegea. Kwa sababu hiyo watoto wadogo hupewa dawa za namna nyingine, na Tenofovir kwa kawaida hungojewa mpaka mtoto afikie kilo 30 au zaidi. Ziko pia dawa zisizo za VVU ambazo twazinunua dukani bila kufikiri. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumika mara kwa mara, huzibana figo. Kadhalika baadhi ya dawa za miti zaweza kuzidhuru, hasa kwa mtoto, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani. Sisemi kila mti ni sumu. Nasema kwamba mtoto mwenye VVU asipewe dawa yoyote ya ziada, ya duka au ya porini, kabla mganga wa kituo hajaambiwa.

Njia ya nne ni urithi, na hapa habari yenyewe yahusu nchi yetu na mbung'o wake.

TATU: MALALE NA URITHI WA KALE

Wazee wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanajua habari za malale. Mbung'o wa misitu ya miombo humwingizia mtu vijidudu katika damu, naye asipotibiwa hufa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, ikawakusanya katika makazi mapya, kwa ajili ya ugonjwa huu. Hata katika miaka ya 2000 wagonjwa wa malale walikuwa bado wanaonekana Urambo.

Malale yamewaua watu wa Afrika kwa maelfu ya miaka. Katika muda huo mrefu, baadhi ya watu walizaliwa na mabadiliko madogo katika urithi wao, mabadiliko yaliyoifanya damu yao iweze kupigana na vijidudu hivyo. Watu hao waliishi, wakazaa, wakawarithisha watoto wao. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba wameyatambua mabadiliko hayo, na wakaona jambo la ajabu: yule anayerithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama, pande zote mbili, figo zake huwa rahisi zaidi kuharibika. Ngao iliyomkinga babu na malale yaweza kuwa mzigo kwa figo za mjukuu, na VVU ikiingia mzigo huo huzidi.

Urithi huu ni wa kawaida zaidi Afrika Magharibi, na kwa Waamerika ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka huko. Kwetu Afrika Mashariki upo, lakini si kwa wingi huo. Tena wengi walio nao hawaugui kamwe. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Ukoo wa fulani una figo mbaya, tusioe kwao." Huo utakuwa ujinga. Nimeieleza habari hii kwa sababu moja: watoto wawili wenye VVU, wa kijiji kimoja, wanaomeza dawa zile zile, mmoja aweza kuugua figo na mwingine asiugue. Sababu si uchawi, wala si jicho la jirani. Na kwa kuwa kwa kumtazama mtoto hatuwezi kujua ana urithi gani, yatupasa tuwapime wote.

NNE: DALILI

Sasa sikilizeni kwa makini. Mwanzoni hapana dalili. Mtoto hali vibaya, hana homa, hasemi mgongo unauma. Mwezi baada ya mwezi kizuizi kinavunjika kimya kimya.

Baadaye mambo haya huweza kuonekana:

Uso huvimba asubuhi, hasa kope za macho. Mchana uvimbe hushuka miguuni, na soksi au kamba ya kiatu huacha alama.

Mkojo hutoka na povu jingi lisilokwisha upesi, kama povu la sabuni.

Mtoto hukojoa mara nyingi usiku, au anaanza tena kukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha. Au kinyume chake, mkojo hupungua sana.

Mtoto huchoka, hupauka, hupata kichefuchefu, na hakui kama wenzake.

Kuhusu uvimbe, pana makosa mawili yanayotokea mara kwa mara. Kosa moja ni kudhani kwamba mtoto amenenepa, watu wakafurahi kwamba dawa zimemkubali. Kosa la pili ni kusema kila uvimbe ni utapiamlo. Ni kweli, mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili huvimba. Lakini yule wa figo naye huvimba. Kwa macho peke yake huwezi kuwatofautisha. Kipimo cha mkojo husaidia kuwatofautisha. Tena kumbukeni kwamba katika ule ugonjwa unaoletwa na VVU yenyewe, mtoto aweza kuwa na figo mbovu sana bila kuvimba kabisa. Ndiyo sababu nasema tusingoje uvimbe.

TANO: KIPIMO

Kipimo cha kwanza ni chepesi mno. Ni kijiti chembamba chenye vipande vya rangi. Mtoto hukojoa katika chombo safi, kijiti huchovywa, na baada ya dakika moja hivi rangi yake hulinganishwa na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Kipande kimoja huonyesha protini, kingine damu, kingine sukari. Hakuna sindano, hakuna maumivu.

Sikilizeni mfano huu wa bibi anayemlea mjukuu wake yatima, amekwenda naye kwenye kliniki ya tiba na matunzo. Ni mazungumzo ya kutunga, lakini yanafaa kwa mafundisho.

BIBI: Hodi, mwanangu.

MUUGUZI: Karibu, bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba. Nimemleta mjukuu kuchukua dawa zake.

MUUGUZI: Vema. Anaendeleaje?

BIBI: Mzima. Anakula, anacheza. Ila naomba apimwe mkojo. Hajapimwa tangu mwaka juzi.

MUUGUZI: Umefanya vizuri kukumbusha, bibi. Chukua chombo hiki, bwana mdogo, nenda kule nyuma. (Baadaye.) Bibi, njoo utazame. Kipande hiki cha protini kimegeuka rangi kidogo. Ni alama moja.

BIBI: Yaani figo zimekufa?

MUUGUZI: Hapana, bibi. Alama moja siyo hukumu. Mtoto akiwa na homa, au akiwa amekimbia sana, protini kidogo yaweza kutoka kisha ikakoma. Tutapima tena. Juma lijalo mje na mkojo wa alfajiri, ule wa kwanza anapoamka. Ukiwa na protini tena, nitawaandikia barua mwende hospitali apimwe damu.

BIBI: Basi kwa sasa nisimamishe dawa zake?

MUUGUZI: La, bibi, hata siku moja. Dawa hizo ndizo zinazowazuia virusi wasile figo. Kama iko dawa ya kubadilishwa, daktari ataibadilisha yeye. Wewe endelea kumpa saa ile ile kila siku.

Haya, mmemsikia bibi. Hakungoja aulizwe, aliomba mwenyewe. Tena muuguzi hakumtisha wala hakumdharau.

Kipimo cha pili ni cha damu. Hupimwa taka moja iitwayo kreatinini. Figo zikifanya kazi vizuri, taka hii hutolewa. Zikishindwa, hujaa katika damu. Lakini jueni kwamba kreatinini hupanda wakati sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Mkojo hutangulia kusema. Kwa hiyo kipimo cha damu hakiondoi haja ya kijiti.

Mtoto mwenye VVU apimwe mkojo siku ya kuanza dawa, kisha angalau mara moja kila mwaka, na mara nyingi zaidi akiwa anatumia Tenofovir, au akiwa na uvimbe, au shinikizo la damu, au kama protini ilikwisha kuonekana. Shinikizo la damu nalo lipimwe kwa kitambaa kinacholingana na mkono wa mtoto. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya madaktari waliowapima watoto wenye VVU katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Walioonekana na hitilafu katika figo hawakuwa wachache. Basi tusidhani kwamba haya ni mambo ya Marekani tu.

Kama zahanati yenu haina vijiti, ulizeni ni wapi mtoto aweza kupimwa, mkaombe barua. Zipo hospitali za wilaya, ipo Kitete hapa mjini, ipo Nkinga kule Igunga. Mnyampara wa msafara angefanya kazi gani kama angehesabu mizigo siku ya kufika Ujiji tu? Angekuta pembe zimepotea, asijue zimepotea kituo gani. Mizigo yahesabiwa njiani. Na figo zipimwe njiani.

SITA: TIBA

Protini ikithibitika, daktari ana mambo ya kufanya. Kwanza atahakikisha mtoto anameza dawa za VVU bila kukosa, na atapima wingi wa virusi katika damu. Virusi wakiwa wengi, dawa huenda hazimezwi au hazifanyi kazi tena, na yafaa zibadilishwe. Pili, atatazama kama iko dawa inayodhuru figo, aiondoe na kuweka nyingine. Dhara la Tenofovir, likigunduliwa mapema, mara nyingi hupungua au kwisha. Tatu, aweza kumpa mtoto dawa kama enalaprili au kaptoprili. Dawa hizi ni za shinikizo la damu, lakini hupunguza pia protini inayovuja katika vichujio. Msishangae basi mtoto akipewa dawa ya presha wakati presha yake si kubwa.

Figo zikifa kabisa, zinabaki njia mbili: kusafisha damu kwa mashine mara kadhaa kila juma, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Kusafisha damu hufanyika katika hospitali kubwa, kama Bugando kule Mwanza na Benjamin Mkapa kule Dodoma. Kupandikiza figo kulianza nchini mwaka 2017 Muhimbili, na mwaka 2018 Benjamin Mkapa. Ni maendeleo makubwa. Lakini fikirini mzazi wa kijiji cha Sikonge anayetakiwa kuwa Mwanza kila juma, pamoja na mtoto, mwaka mzima. Shamba la tumbaku nani atalilima? Wale watoto wengine nani atawapikia? Kijiti cha dakika moja humwondolea mzazi safari hiyo. Hapo ndipo penye uzito wa somo hili.

SABA: NYUMBANI NA SHULENI

Nyumbani, mtoto anywe maji anapoona kiu, na zaidi wakati wa jua kali. Wako wanaosema kunywa maji mengi kupita kiasi huosha figo. Hilo si kweli, na kwa mtoto aliyevimba laweza kumdhuru. Akihara, apewe mara moja maji ya chumvichumvi yenye sukari yanayotolewa zahanatini, naye apelekwe kutibiwa. Alale ndani ya chandarua. Chumvi ipunguzwe katika chakula kama amevimba au ana shinikizo la damu. Lakini asinyimwe chakula cha kujenga mwili. Ugali na nsansa, maharage, karanga, maziwa, samaki, vyote apewe, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mtoto anakua, ukimnyima chakula kwa kuogopa protini utamwumiza mara mbili.

Shuleni, nawaomba walimu wenzangu mambo mawili. Mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara msimchape wala msimcheke. Na katika mabweni, anayekojoa kitandani asitangazwe mbele ya wenzake. Aitwe faraghani, aulizwe kwa upole, apelekwe kupimwa. Tena habari za mtoto mwenye VVU ni siri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Mwalimu aliyeaminiwa na mzazi aihifadhi.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni gumu, nalo ni kumwambia mtoto mwenyewe. Wazazi wengi humwambia, "Hizi dawa ni za kifua," mpaka anafika darasa la saba. Kisha siku moja anaisoma karatasi ya kopo, anajua kwamba amedanganywa, anazitupa dawa chooni. Virusi huamka, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia. Yafaa aanze kuelezwa kidogo kidogo kati ya umri wa miaka 6 na 12, kwa maneno yanayolingana na akili yake, na muuguzi aweza kuwasaidia. Mtoto anayejua sababu ya kumeza dawa, na sababu ya kupimwa mkojo, huwa mlinzi wa figo zake mwenyewe.

Nao akina mama wajawazito wasisahau kwamba kinga iliyo kubwa kuliko zote ni mtoto asipate virusi. Mama anayepimwa mapema na kumeza dawa zake, na mtoto wake akapewa dawa baada ya kuzaliwa, hatari ya kumwambukiza hushuka chini ya watoto 5 kwa kila 100.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Figo huharibika kimya. Kutokuumwa si ushahidi wa uzima.
2. Mkojo wa mtoto mwenye VVU upimwe siku ya kuanza dawa na angalau kila mwaka. Usipopimwa, omba.
3. Alama moja ya protini hurudiwa kupimwa kwa mkojo wa alfajiri.
4. Usisimamishe dawa za VVU kwa shauri lako mwenyewe.
5. Usimpe mtoto dawa za duka au za miti bila kumwambia mganga wa kituo.
6. Uvimbe wa uso asubuhi, povu la mkojo, au kukojoa kitandani upya: mpeleke upesi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika zahanati yetu vijiti vya kupimia mkojo vipo? Nani kati yetu atakwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
2. Mtoto akivimba uso katika kijiji chetu, watu husema nini kwanza, na humpeleka wapi kwanza?
3. Ni dawa zipi za maumivu tunazonunua dukani mara kwa mara bila kuandikiwa?
4. Bibi au babu anayelea yatima, jirani zake waweza kumsaidia namna gani ili asikose siku ya kliniki?
5. Mtoto aelezwe habari zake na nani, na kwa maneno gani?

Kiongozi wa kikundi aandike majibu ya swali la kwanza katika daftari, na jina la aliyekubali kwenda kuuliza. Swali hilo halina faida likibaki midomoni. Yule aliyechaguliwa atoe taarifa siku tutakapokutana tena.